Alama ya Kuzungumza: Jinsi ya Kumpima Mwanafunzi wa Kiingereza kwa Haki

Mtihani wa Kiingereza wa Kidato cha Nne nchini Tanzania hufanywa kwa kalamu na karatasi. Kenya nako, karatasi ya kwanza ya Kiingereza katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, ina sehemu ya stadi za kuzungumza yenye alama 30 kati ya 60, lakini mtahiniwa huijibu kwa kuandika: anakamilisha mazungumzo yaliyochapwa, anaonyesha maneno yanayofanana kwa matamshi, anaeleza angefanya nini kama angesimama mbele ya watu. Hakuna anayemsikia. Kwa hiyo katika nchi zote mbili sikio litakalompima mwanafunzi akizungumza Kiingereza, tangu anapoingia sekondari hadi anapotoka, ni lako wewe mwalimu wa somo.

Alama unayotoa kwa sikio hilo haina msahihishaji wa pili. Insha unaweza kuisoma tena kesho, ukampa mwenzako aiangalie, mwanafunzi mwenyewe akaja ofisini kuuliza kwa nini amekosa. Maneno yaliyotamkwa hupotea palepale. Ukikosea, mwanafunzi hana karatasi ya kukuonyesha. Ndiyo maana kazi kubwa ya kutenda haki katika kuzungumza hufanyika kabla mwanafunzi hajafungua mdomo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa mwalimu mwenye wanafunzi 60 darasani, vipindi vya dakika 40, ubao, chaki na simu yake ya mkononi.

Uonevu huingilia wapi

Mwaka 1920 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Thorndike, alichapisha matokeo ya kuchunguza namna maofisa wa jeshi walivyowapa alama askari walio chini yao. Ofisa aliyempa askari alama ya juu kwa umbo na mwonekano, mara nyingi alimpa alama ya juu pia kwa akili, uongozi na tabia. Sifa moja ilikuwa imezifunika nyingine zote, na maofisa wenyewe hawakujua.

Darasani kwetu sifa inayofunika nyingine ni lafudhi. Mwanafunzi aliyetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza anasimama, anatamka sentensi mbili kwa ulaini, na mkono wako unaanza kuandika alama kabla hujauliza amesema nini. Mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya kawaida, ambako masomo yote isipokuwa Kiingereza yalifundishwa kwa Kiswahili, anaanza kwa kusitasita, na wewe umeshakata tamaa naye. Huenda huyu wa pili ndiye aliyejibu swali. Mpimaji aliyevutwa na sauti halisikii jibu.

Kuna njia nyingine ambazo uonevu huingia kimyakimya:

- Mada. Ukimwuliza mtoto aeleze safari ya ndege au likizo ya mbugani, unapima mfuko wa mzazi wake.
- Zamu. Wa kwanza hupimwa ukiwa na nguvu, wa hamsini ukiwa na njaa. Tena wa hamsini ameshasikia maswali yote kutoka kwa waliotangulia.
- Mwenza. Mwanafunzi mzuri aliyepangwa na mtu asiyejibu kitu hukosa pa kuonyeshea uwezo wake.
- Ujasiri. Kujiamini ni jambo jema na ufundishe darasani, lakini si Kiingereza. Yupo mtoto mnyamavu anayejua, na yupo mchangamfu asiyejua.
- Kukariri. Hotuba iliyokaririwa hupimwa kama mazungumzo.

Yote haya yanadhibitika kwa mpango. Moyo mwema peke yake hautoshi, kwa sababu wale maofisa wa mwaka 1920 nao hawakuwa na nia ya kumwonea mtu.

Hatua ya kwanza: amua unapima nini, na ukiandike

Mitihani mikubwa ya kimataifa haitoi alama ya kuzungumza kwa hisia ya jumla. IELTS, kwa mfano, ina mahojiano ya dakika 11 hadi 14, na mtahini hutoa alama kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa: mtiririko na mpangilio wa mawazo, msamiati, sarufi, na matamshi. Huna sababu ya kuiga vigezo hivyo kama vilivyo. Kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili napendekeza hivi vinne, vikitoa jumla ya alama 20:

1. Kutimiza kazi (alama 8). Je, aliyesikiliza amepata alichohitaji?
2. Kumwitikia mwenzake (alama 4). Je, anasikiliza, anajibu lililoulizwa, anauliza asipoelewa?
3. Kueleweka kwa sikio (alama 4). Je, msikilizaji anayafuata maneno yake bila kuhangaika?
4. Lugha yenyewe (alama 4). Je, msamiati na sarufi yake vinatosha kwa kazi aliyopewa?

Nimekipa kigezo cha kwanza uzito maradufu kwa makusudi. Watu huzungumza ili jambo fulani lifanyike, na hapo ndipo mtoto aliyeanza Kiingereza kwa kuchelewa anaweza kuonyesha uwezo bila kusubiri sarufi yake ikamilike. Ukifundisha Kidato cha Tano unaweza kupunguza uzito huo na kuongeza wa lugha.

Kila kigezo kipime kwa ngazi 0 hadi 4 (cha kwanza zidisha mara mbili), na kila ngazi iwe na maelezo ya kitu unachoweza kukiona au kukisikia. Maneno kama "vizuri", "wastani" na "hafifu" hayasaidii, maana kila mwalimu ana wastani wake. Huu ni mfano wa kigezo cha kwanza:

| Ngazi | Unachosikia |
|---|---|
| 4 | Mwenzake amepata kila anachohitaji, bila mwalimu kuingilia |
| 3 | Jambo kuu limefika. Dogo moja limekosekana au limebidi kuulizwa tena |
| 2 | Sehemu tu imefika. Mwalimu amelazimika kurudia swali |
| 1 | Maneno machache, moja moja, yanayohusu kazi |
| 0 | Hakuna Kiingereza kilichosemwa hata baada ya nafasi ya pili |

Vigezo vingine vitatu viandikie ngazi zake kwa namna hiyohiyo, mkikaa pamoja walimu wa idara. Kisha wape wanafunzi. Andika ubaoni, wanakili kwenye madaftari, tena wiki kadhaa kabla ya kupimwa. Mwanafunzi asiyejua anapimwa kwa nini atakisia, na wanaokisia vizuri ni wale wenye kaka na dada waliopita njia hiyo.

Lafudhi: sehemu inayohitaji subira

Hapa ndipo walimu wengi hukwama.

Mwaka 1995 watafiti wawili wa Kanada, Murray Munro na Tracey Derwing, walionyesha kwamba nguvu ya lafudhi ya mtu na kueleweka kwake ni mambo mawili. Mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito, ukatambua mara moja kwamba Kiingereza si lugha yake ya kwanza, na bado ukaandika kila neno alilotamka bila kosa. Miaka mitano baadaye Jennifer Jenkins, mwanaisimu wa Uingereza, alichapisha orodha ya sauti ambazo zikiharibika mazungumzo baina ya watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza huvunjika kweli, na zile ambazo zikibadilika hakuna kinachoharibika. Nalo Baraza la Ulaya, ambalo ngazi zake za A1 hadi C2 hutumika karibu dunia nzima, katika toleo la nyongeza la mwaka 2020 liliacha kumtumia msemaji mzawa kama kipimo cha kumlinganishia mwanafunzi.

Tulete hayo kwetu. Kiswahili kina irabu tano tu. Kiingereza kina nyingi zaidi, hivyo mwanafunzi wetu hutamka "ship" na "sheep" sawasawa, na "live" na "leave" vilevile. Urefu wa irabu ni moja ya mambo ambayo Jenkins aliona yanavuruga maana, kwa hiyo una haki ya kulifundisha na kulipima. Sauti za "th" ni habari nyingine. Mtoto wa pwani anazo tayari kutoka kwenye *thamani* na *dhahabu*. Mtoto wa bara ambaye lugha ya nyumbani haina sauti hizo atasema "sink" akikusudia "think". Katika mazungumzo halisi muktadha humwokoa, na Jenkins hakuziweka sauti hizo kwenye orodha ya lazima. Ukimkata huyu wa bara alama kwa "th", umempa wa pwani zawadi ya mahali alipozaliwa.

Konsonanti zinazofuatana nazo hutusumbua, kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu. Mwanafunzi atachomeka irabu katikati ya konsonanti au mwishoni mwa neno. Hilo halina madhara makubwa kwa msikilizaji. Kudondosha konsonanti mwanzoni mwa neno ndiko kunakompoteza.

> KISANDUKU: Unaposikiliza matamshi
>
> *Punguza alama iwapo:*
> – msikilizaji ameelewa neno jingine, au amelazimika kuuliza
> – konsonanti imedondoshwa hadi neno halitambuliki
> – mkazo umewekwa kwenye neno lisilohusika mpaka maana imegeuka
>
> *Usipunguze kwa sababu ya:*
> – "th" kuwa "s", "t" au "z" huku maana ikibaki wazi
> – irabu iliyochomekwa mwishoni mwa neno
> – *r* na *l* kubadilishana, isipokuwa pale palipozuka mkanganyiko wa kweli
> – kutosikika kama Mwingereza au Mmarekani
> – majina ya vitu vya kwetu: *ugali*, *daladala*, *shamba* si makosa

Wewe mwalimu una udhaifu mmoja hapa: umeshazoea sikio la eneo lako. Ukifundisha miaka mingi mahali ambapo *r* na *l* hubadilishana, utaelewa kila kitu, hata kile ambacho mgeni asingekielewa. Mwalimu aliyehamia mwezi uliopita hataelewa, naye atakata alama. Ndiyo maana nitasisitiza huko mbele msahihishe wawili angalau kwa sehemu.

Hatua ya pili: chagua kazi inayolazimisha mazungumzo

Kusoma kifungu kwa sauti ni kusoma. Kughani shairi ni kukumbuka. Mdahalo unapendwa sana shuleni na ni zoezi zuri, ila kama chombo cha kupimia una kasoro kubwa: wasemaji wakuu ni wachache, muda hauwi sawa, na hotuba huandikwa nyumbani.

Kazi nzuri ya kupimia ina pengo: mmoja anajua jambo ambalo mwenzake halijui na analihitaji. Mifano inayofaa kwa Kidato cha Kwanza na cha Pili:

- Mgeni yuko stendi ya basi anataka kufika hospitalini. Mmoja ana ramani iliyochorwa kwa mkono, mwenzake hana.
- Mteja na muuzaji wa vifaa vya shule. Mteja ana kiasi fulani cha fedha na orodha. Muuzaji ana bei, na vitu viwili vimekwisha.
- Mgonjwa na muuguzi wa zahanati.
- Picha mbili zinazofanana isipokuwa katika mambo matano. Kila mmoja anaona yake tu. Watafute tofauti kwa kuulizana.
- Kupanga siku ya kufanya usafi wa bweni, kila mmoja akiwa na ratiba tofauti.

Andaa hali sita za ugumu unaolingana, zote zikitokana na mambo uliyofundisha muhula huo. Zitangaze zote kwa darasa wiki mbili kabla. Usizifiche. Kisha siku ya kupimwa kila jozi ichague kwa kura, karatasi zikiwa zimekunjwa. Kwa njia hiyo wa mwisho hamzidi wa kwanza kwa kuwa amechungulia, na anayetaka kukariri itambidi akariri hali sita za pande mbili, jambo ambalo kwa kweli ni kufanya mazoezi.

Kulinganisha ugumu si jambo la kukisia. Wape walimu wenzako wawili wazifanye kazi hizo, au wanafunzi wa kidato cha juu. Kazi inayoisha kwa dakika moja na ile inayochukua tano haziwezi kukaa kwenye kura moja.

Hatua ya tatu: ratiba ya wanafunzi 60

Pingamizi la kwanza la kila mwalimu ni muda, na lina msingi. Tufanye hesabu. Wanafunzi 60 ni jozi 30. Kila jozi ipewe dakika 4 za kuzungumza na wewe dakika 1 ya kuandika. Katika kipindi cha dakika 40, ukiondoa dakika 10 za kuliweka darasa kazini na kukusanya kazi mwishoni, unabaki na 30, yaani jozi sita. Vipindi vitano vinatosha darasa zima. Darasa likiwa la 90, ni vipindi vinane.

Vipindi hivyo havipotei kama wengine wana kazi ya maana: ufahamu wa kusoma wenye maswali ya kuandikwa, ambao nao utausahihisha. Weka meza mbili nje ya mlango au kwenye kona ya nyuma ili jozi isiongee mbele ya macho ya wenzao 58. Kiranja ashike zamu za kuita majina.

Kuhusu kupanga jozi, mimi nashauri uwaunganishe wanaokaribiana kwa uwezo, wala usimweke mwanafunzi na rafiki yake wa karibu wala na mtu anayemwogopa. Idadi ikiwa witiri, mmoja arudie kama mwenza, bila kupimwa mara ya pili. Ikiwa mmoja wa jozi amenyamaza kabisa, ingia wewe uchukue nafasi yake kwa dakika mbili, ili aliyejiandaa apate mtu wa kuongea naye. Andika kwenye fomu kwamba uliingia.

Siku yenyewe, hatua kwa hatua

1. Wasalimie na uwaulize maswali mawili mepesi yasiyo na alama. Mwaka 1986 watafiti Horwitz na wenzake walieleza kwa kina hofu ya kuzungumza lugha ya kigeni darasani. Ni hofu ya aina yake, tofauti na woga wa mitihani mingine, na humkumba hata mwanafunzi anayefanya vizuri katika masomo mengine. Nusu dakika ya kuzoea sauti yake mwenyewe inamsaidia.

2. Toa kura, wape kadi zao, uwaache wasome. Wakati jozi moja inaongea, inayofuata iwe tayari imekaa pembeni inatafakari. Kila mmoja apate muda uleule wa kujiandaa.

3. Toa maelekezo kwa maneno yaleyale kwa kila jozi. Yaandike na uyasome. Maelekezo yanaweza kuwa kwa Kiswahili kabisa. Unapima kuzungumza Kiingereza, hupimi kama mtoto ameelewa maelekezo yako.

4. Nyamaza. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alipima muda ambao walimu husubiri baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi wengi zaidi walijibu. Kwa anayetafuta neno katika lugha ya tatu, sekunde tatu ni chache. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo kabla hujaingilia.

5. Wakikwama, rudia swali mara moja kwa maneno yaleyale. Wakikwama tena, tumia swali mbadala uliloliandaa, na uandike kwamba umelitumia. Usiwamalizie sentensi.

6. Usirekebishe kosa lolote, wala usisifu. Tabasamu lako kwa mmoja na uso mkavu kwa mwingine ni alama uliyoitoa kabla ya wakati. Tikisa kichwa kwa kila mtu kwa namna ileile.

7. Dakika nne zikiisha, waage. Sasa andika.

Mwanafunzi akichomeka neno la Kiswahili ni vema uamue mapema. Msimamo wangu: neno moja moja halipunguzi kitu katika kigezo cha kwanza ikiwa mwenzake ameelewa, ila linahesabiwa katika cha nne. Na anayelizunguka neno asilolijua, akasema kitu cha kufungulia mlango badala ya neno "ufunguo" la Kiingereza, huyo ameonyesha ustadi halisi. Mpe.

Kuandika alama

Fomu yako iwe nusu karatasi kwa kila mwanafunzi: jina, kadi aliyopata, vigezo vinne, na mistari miwili ya ushahidi. Ushahidi ni maneno yake mwenyewe, yale uliyoyasikia. Bila hayo, ukiulizwa baada ya wiki utajibu kwa kukumbuka sura.

Anza na kigezo cha nne na umalizie na cha kwanza, kisha badilisha mpangilio kila baada ya jozi sita. Ukianza kila mara na kilekile, alama yake itavuta zote zinazofuata. Usiandike jumla kabla ya vigezo vyote kujazwa.

Tuchukue mfano wa kadi ya stendi na hospitali. Mwanafunzi wa kwanza anaanza kwa salamu ndefu, anasema amefurahi sana kumwona mgeni, anasifu mji wake kwa sentensi nne zilizonyooka, alizokariri. Mgeni anauliza, "Is it far?" Anaendelea kuusifu mji. Mwishowe anasema ni "straight" kisha "right", bila kutaja wapi pa kukunja. Mwanafunzi wa pili, katika jozi nyingine, anasema hivi: "You go straight. You see big tree, mango. There you turn left. Not first road, second road." Mgeni anauliza, "Second road?" Anajibu, "Yes, second. Near the water tank."

Wa kwanza: kutimiza kazi ngazi 2, yaani alama 4, kuitikia 1, kueleweka 4, lugha 3, kwa kuwa ukiacha sentensi zilizokaririwa, chache alizotunga papo hapo hazikuwa na kosa. Jumla 12. Wa pili: kutimiza kazi ngazi 4, yaani alama 8, kuitikia 4, kueleweka 3, lugha 2, kwa sababu vibainishi kama "a" na "the" vinakosekana na sentensi ni fupifupi. Jumla 17. Mpimaji wa hisia angewageuza, na mgeni angekuwa bado anazunguka mjini.

> KISANDUKU: Makosa yanayorudiwa
>
> – Kumpa kila mtu ngazi 2 au 3 ili kuepuka malalamiko. Alama zisizotofautisha hazimwambii mwanafunzi lolote.
> – Kuangalia alama za mtihani uliopita kabla ya kusikiliza.
> – Kumlinganisha mwanafunzi na aliyemtangulia badala ya kumlinganisha na jedwali.
> – Kukata alama kosa moja katika vigezo viwili. Kosa la sarufi likae kwenye lugha tu.
> – Kupunguza alama kwa utovu wa nidhamu au kuchelewa. Nidhamu ina mahali pake.
> – Kupima mara moja kwa mwaka na kuita hiyo ndiyo alama yake.

Sikio la pili

Mitihani mingi ya Cambridge ya kuzungumza huwa na watahini wawili: mmoja anaongea na watahiniwa, mwingine amekaa kando anasikiliza na kuandika alama. Shule zetu haziwezi kumtoa mwalimu wa pili kwa vipindi vyote vitano, lakini zinaweza kufanya hivi. Rekodi jozi tano kwa simu yako: mbili unazoona ni nzuri, mbili za kati, moja dhaifu. Mpe mwenzako azisikilize na kutoa alama bila kuona zako. Linganisheni kigezo kwa kigezo. Tofauti ya ngazi moja ni ya kawaida. Ikiwa ya ngazi mbili, sikilizeni tena pamoja huku jedwali likiwa mezani. Mara nyingi mtagundua kuwa maelezo ya ngazi fulani yana utata, na mkiyarekebisha mtasawazisha alama za darasa zima. Fanyeni hivi baada ya jozi sita za kwanza, si mwishoni, ili marekebisho yawafikie waliobaki. Hizo sita za kwanza nazo zipitiwe upya.

Rekodi ni sauti ya mtoto. Pata ruhusa ya mkuu wa shule na uwaeleze wanafunzi kwa nini unarekodi. Usiitume kwenye kundi lolote la WhatsApp, hata la walimu, na uifute alama zikishathibitishwa.

Wanaohitaji mpango wao

Mwenye kigugumizi hana upungufu wa Kiingereza. Mwongezee muda, mpe mwenza aliyemzoea, na katika kigezo cha tatu usihesabu kukwama kwake. Mwulize faraghani, kabla ya siku, ni nini kitamrahisishia; wengine hupenda kuanza wao, wengine hupenda kujibu. Mwenye usikivu hafifu akae uso kwa uso na mwenza, mahali penye mwanga na pasipo kelele, na ruhusa ya kuomba kurudiwa isiyo na ukomo. Aliyefiwa, aliyekuwa mgonjwa au aliyerudishwa nyumbani kwa sababu yoyote apimwe wiki nyingine kwa kadi kutoka kura ileile.

Mnyamavu ni tofauti na hao, naye ndiye anayeonewa zaidi. Kama hakusema neno mbele yako lakini unamsikia akizungumza Kiingereza kwenye kazi ya kikundi, mpime hapo: pita na fomu yako wakati wa kazi za vikundi, ukae karibu bila kumkodolea macho. Jedwali ni lilelile. Kilichobadilika ni mahali pa kupimia.

Orodha ya kukagua jioni ya siku inayotangulia kipimo

☐ Jedwali la vigezo liko ubaoni au madaftarini tangu zamani
☐ Hali sita zimetangazwa, na ugumu wake umelinganishwa
☐ Kadi zimekunjwa, zikiwemo za akiba
☐ Jozi zimepangwa na majina ameshikishwa kiranja
☐ Kazi ya kuandika ya wanaosubiri ipo tayari
☐ Maelekezo na maswali mbadala yameandikwa neno kwa neno
☐ Fomu zinatosha
☐ Simu ina chaji na nafasi ya kuhifadhi sauti
☐ Walimu wa madarasa jirani wamearifiwa kupunguza kelele

Kurudisha matokeo

Usisome alama kwa sauti mbele ya darasa. Mtoto aliyetangaziwa 6 kati ya 20 mbele ya wenzake hatazungumza Kiingereza tena mwaka huo, na utakuwa umeua kile ulichokuwa unakipima. Mpe kila mmoja fomu yake. Juu yake andika jambo moja alilofanya likamsaidia msikilizaji, ukinukuu maneno yake, na jambo moja la kufanyia kazi kabla ya kipimo kijacho. Moja tu. Orodha ya makosa tisa haifanyiwi kazi.

Asiyeridhika awe na njia ya kulalamika: ndani ya wiki moja aje na jedwali, aonyeshe kigezo gani anadhani umekosea. Kama ulimrekodi na sauti bado haijafutwa, sikilizeni pamoja. Kama hukumrekodi, apimwe upya na mwalimu mwingine kwa kadi nyingine, na alama ya pili ndiyo ibaki, iwe imepanda au imeshuka. Waeleze sharti hilo mapema.

Fomu zitunze kwenye bahasha ya darasa katika ofisi ya taaluma. Muhula ujao, kabla ya kupima tena, mrudishie kila mwanafunzi ya kwake aisome usiku mmoja, kisha uikusanye. Wakati wa kupima usiiangalie. Ilinganishe na mpya baada ya kumaliza kuandika.